Banatuimbia: juu ya misa inayoimbwa bila kinanda



Kwenye ukurasa huu tumekwisha kuandika juu ya kazi zinazokosekana, juu ya bei ya mbolea, juu ya diploma zinazolala ndani ya sanduku. Leo ninaomba nafasi niandike juu ya kuimba kanisani. Najua kuna mwenye atauliza: "Wewe agronomo, mambo ya korale unayajulia wapi?" Atanivumilia. Nitafika hata kwenye mahindi.

Jambo lenyewe ni hili. Katika parokia yetu hapa Lubumbashi, halmashauri inapaswa kuamua, mbele ya Majilio, namna misa ya Jumapili za kawaida itakavyoimbwa. Upande mmoja unataka tununue piano mpya, mabafle mawili makubwa na jenereta, juu umeme unakatika ovyo na misa inabaki katikati. Kila jumuiya itaombwa mchango. Upande mwingine unasema: Jumapili za kawaida tuimbe kwa sauti zetu tu, nyimbo nyepesi ambazo kila mtu anaweza kushika, na vyombo tuviweke kwa sikukuu. Mimi niko ndani ya kamati ya liturujia, na niko upande huu wa pili. Ninaandika ili nieleze sababu, na ili niseme pia mahali ambapo upande wetu una udhaifu, maana upo.

Tuanze na kile kinachosikika.

Misa ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Haina korale. Mama mmoja anaanzisha, watu wanapokea. Mwenye kutafuta uzuri wa redio hataupata. Wazee wanavuta maneno, watoto wanatangulia, na kuna baba wawili nyuma ya nguzo ambao kila Jumapili wanaimba sauti ya pili ambayo hakuna mtunzi aliyeiandika. Lakini padri akifika kwenye Mtakatifu, kanisa lote linafungua kinywa kwa mara moja. Anayeuza makala, anayelinda gari za watu usiku, mwanafunzi ambaye hajalala: wote wamo. Na padri, ambaye si mwimbaji mkubwa, anaimba maneno yake kwa noti mbili tatu, na watu wanamjibu kwa noti hizo hizo.

Misa ya pili ni saa tatu. Kuna korale ya vijana, na ninasema bila wivu kwamba wanajua kazi. Wanasoma solfa vizuri, sauti zote nne zimesimama, maestro wao ana sikio. Sasa angalia kinachotokea kwenye Mtakatifu huo huo. Piano inacheza utangulizi mrefu. Soprano anaingia peke yake. Halafu sauti nne zinakimbizana juu ya neno moja, na mwishoni mpiga piano anabonyeza kitufe, wimbo unapanda juu kwa nusu toni, halafu tena nusu toni. Ni kitamu. Watu wa mbele wanatikisa kichwa, wengine wanainua simu wafilimu. Kwenye viti vya nyuma midomo imefungwa. Si kwamba hawataki. Mlango wa kuingilia ndani ya wimbo ule haupo.

Niliuliza mama mmoja wa Legio, mjane, juu ya nini anaamka gizani kila Jumapili wakati misa ya saa tatu iko na jua na nafasi ya kukaa. Alinijibu kwa maneno machache: "Kule banatuimbiaka. Huku tunaimbaka siye benyewe."

Banatuimbia. Katika Kiswahili chetu, herufi moja ile ya katikati, ile "i" ya kumfanyia mtu, inaweza kuwa shukrani ao malalamiko. Mtu akikulimia shamba wakati wewe ni mgonjwa, unamshukuru. Lakini mtu akikulia bukari yako, hata kama anakula kwa adabu na sahani safi, wewe ndiye unayelala njaa. Swali la parokia yetu ni kujua wimbo wa misa uko upande gani: ni kazi ambayo mwingine anaweza kukufanyia, ao ni chakula?

Kanisa lenyewe lilikwisha kujibu, na jibu si la jana. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, unaomba kwamba watu wasaidiwe kushiriki kwa maitikio, kwa majibu, kwa zaburi na kwa nyimbo, na pia kwa kimya kitakatifu. Hati hiyo hiyo inasifu makorale na inaomba yaendelezwe, lakini inaweka sharti: mkutano wote wa waamini uweze kutoa sehemu yake yenyewe.

Kuna maandishi mengine ambayo watu wa korale hawayasomi sana, maelekezo ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturujia. Humo nyimbo za misa zimepangwa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni majibizano ya padri na watu: salamu ya mwanzo, maneno ya kabla na baada ya Injili, mazungumzo ya kabla ya prefasio pamoja na Mtakatifu, Baba Yetu, na maneno ya kuagana. Ngazi ya pili ni Kirie, Utukufu, Mwanakondoo, Nasadiki na maombi ya waamini. Ngazi ya tatu ndiyo ina nyimbo za kuingia, za matoleo na za komunyo. Na kanuni ni kwamba ngazi ya kwanza inaweza kuimbwa peke yake, lakini ya pili na ya tatu zisiimbwe kamwe bila ya kwanza.

Sasa linganisha na misa yetu ya saa tatu. Wimbo wa kuingia una dakika nyingi na mpangilio wa sauti nne. Wa matoleo una ngoma na hatua za kucheza. Wa komunyo una soli. Halafu padri anasema "Bwana awe nanyi" kwa sauti ya kuongea, na watu wanajibu kwa kunong'ona kama wanafunzi waliochelewa. Tumejenga paa kabla ya msingi. Na angalieni vizuri: ile ngazi ya kwanza, ile ya lazima zaidi, haihitaji chombo chochote. Inahitaji padri anayekubali kuimba noti tatu, na watu wanaozijua noti hizo.

Kwa hiyo, tukisema tunataka misa ya sauti tupu, hatuombi kitu cha ajabu ao cha umaskini. Mapokeo ya Kiorthodoksi ya Ugiriki na ya Urusi yanaimba ibada nzima bila chombo hadi leo, na Waorthodoksi tunao hata karibu, pale Kolwezi. Hata sisi Wakatoliki, wakati wa Kwaresima, vyombo vinaruhusiwa tu kwa kusaidia wimbo, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Kila mwaka basi tunapewa majuma karibu sita ya kujifunza kuimba kwa koo zetu, na kila mwaka parokia nyingi zinaruka somo hilo.

Hapa najua jibu litakalokuja, na nalipenda kuliko majibu mengine yote: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna ngoma zetu." Ndugu zangu, tujibizane vizuri. Ni kweli kwamba mwaka 1903 Papa Pio X alikataza piano kanisani pamoja na ngoma na vyombo vingine vya kelele. Ni kweli pia kwamba kuna wamisionari waliowaambia wazee wetu kwamba ngoma ni ya shetani. Mimi siko upande huo, na Mtaguso ulikwisha kufungua mlango kwa muziki wa kila taifa. Lakini katika ubishi wetu wa parokia, chombo kinachogombaniwa si ngoma. Ni piano ya umeme yenye midundo iliyorekodiwa kiwandani. Anayetetea kile kitufe kwa jina la mababu ajiulize kama mababu walikuwa nacho.

Na sisi Wakongo tuna mfano wetu wenyewe. Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, ambayo Kardinali Joseph Malula aliipigania kwa miaka mingi, ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Ndiyo ile ambayo Papa Fransisko alisomea misa Roma, katika basilika ya Mtakatifu Petro, tarehe 1 Desemba 2019, pamoja na Wakongo wanaoishi kule. Watu wengi wakiisikia wanafikiri kucheza na ngoma tu. Vitu hivyo vimo, na ni halali. Lakini soma muundo wake. Unasimama juu ya kuitikizana. Watakatifu na mababu wenye moyo mnyofu wanaitwa, watu wanaitika. Hata ndani ya sala kubwa ya ekaristi, pale ambapo kwingine watu wanasikiliza kimya, waamini wanaitika mara kwa mara. Ni namna ile ile mzee anavyoongea kwenye baraza: hawezi kwenda mbali bila watu kumwitikia. Ukiondoa piano ndani ya rite hiyo, inabaki mzima. Ukiondoa sauti ya watu, haibaki kitu. Kwa hiyo wimbo wa kuitikizana bila kinanda ndio wa kwetu zaidi.

Ni lazima niseme neno pia juu ya Missa Luba, sababu kila ubishi wa namna hii hapa Katanga unaishia hapo. Ilizaliwa Kamina, katika kikundi cha watoto wa shule na walimu kilichoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, chini ya padri Mfransisko Mbelgiji, Guido Haazen. Mwaka 1958 walizunguka nayo Ulaya, na Sanctus yake ikaingia hata ndani ya filamu ya Kiingereza, If...., ya mwaka 1968. Ni sauti za watu na ngoma, hakuna ogani, hakuna noti za kigeni zilizobandikwa juu. Ukiisikia leo bado inashika moyo, na inathibitisha kwamba sauti zetu hazidai msaada wa mashine. Lakini kama kielelezo cha misa ya parokia, naona ina mpaka. Maneno yake ni Kilatini, mwimbaji wa kwanza anatembea kwa uhuru wake mahali ambapo kanisa zima haliwezi kumfuata, na ile ladha yake inatoka kwa kikundi kilichofanya mazoezi pamoja kwa miaka. Ni kazi ya korale, tena kubwa. Tuisikilize, tuijivunie. Lakini mama wa saa kumi na mbili hawezi kuibeba, na haikutungwa kwa ajili ya kubebwa naye.

Basi tuchague namna gani? Hapa ndipo agronomo anaomba neno. Katika masomo yetu tulijifunza kwamba mbegu inaweza kuzaa sana kwenye kituo cha utafiti, ambako kuna mbolea, maji na wafanyakazi, halafu ikifika kwenye shamba la mwanakijiji inaanguka. Kituo hakikudanganya. Kilijibu swali lingine. Kwa hiyo mbegu inajaribiwa pia kwenye shamba la mkulima mwenyewe, na jembe lake, na mvua yake. Nyimbo zetu nyingi zimejaribiwa kwenye kituo tu, yaani kwenye mazoezi ya korale, na mikro na piano. Shamba ni kiti cha mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, koo bado baridi.

Mimi napendekeza majaribio manne.

La kwanza ni upana. Wimbo wa watu wote usipite oktava moja, na anayeanzisha achague mahali ambapo noti ya juu kabisa baba wa kawaida anaifikia bila kupiga kelele. Nyimbo nyingi zinauawa na sekunde mbili za kwanza: kiongozi ameanza juu sana, nusu ya kanisa imenyamaza kabla ya mstari wa pili.

La pili ni maneno. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, m-ta-ka-TI-fu. Kifaransa kinakaza mwisho. Kwa hiyo tunapochukua wimbo wa Kifaransa na kuujaza maneno ya Kiswahili, noti nzito inaangukia pabaya na tunaimba "mtakatiFU", kitu ambacho hakuna mtu anatamka hata akilewa. Tena maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja kina silabi sita, na muziki wa mistari iliyopimwa unatulazimisha kuyabana kama watu ndani ya taksi. Zaburi inayoimbwa juu ya noti moja, na mwisho mdogo unaoshuka, haina shida hiyo. Noti moja inabeba silabi nne ao silabi kumi na nne, mkazo unabaki pake, na msikilizaji anaelewa kinachosemwa. Wanaosema namna hiyo ni kavu hawajajaribu kuisikia katika lugha hii.

La tatu ni kuitika. Kiitikio kiwe kifupi kiasi kwamba mgeni aliyeingia amechelewa anakishika mara ya pili akikisikia. Hii inaokoa hata karatasi, na inaokoa wasiojua kusoma.

La nne ni uchache. Mwaka 1974 Papa Paulo VI alitoa kijitabu kidogo cha nyimbo za Gregoriana, akitaka waamini wa kila nchi wajue angalau chache za pamoja. Tuchukue akili hiyo: Kirie moja, Mtakatifu mmoja, Mwanakondoo mmoja kwa kipindi kizima, hadi viingie ndani ya damu. Korale inachoka na wimbo baada ya majuma matatu sababu inaufanyia mazoezi. Watu wanahitaji miezi.

Na kuna sababu inayonigusa zaidi ya hizi zote. Wenye kulima mnajua: mbegu ya hibridi unainunua upya kila msimu, na ile ya kawaida unaichagua kwenye mavuno yako na kuitunza nyumbani. Wimbo unaohitaji piano unabaki kanisani pamoja na piano. Wimbo mwepesi mama anaenda nao nyumbani. Mnajua namna kilio kinavyokuwa kwetu: mwili uko katikati, watu wamekaa chini, umeme hakuna, usiku ni mrefu. Pale ndipo unaona kama parokia ilifundisha watu kuimba ao iliwafundisha kusikiliza. Nimehudhuria vilio viwili vya vijana wa umri wangu mwaka huu. Wenye umri wetu tulijua mwanzo wa nyimbo nyingi, na hatukujua mwisho wa hata mmoja. Wamama ndio waliimba hadi asubuhi. Wakiondoka wao, nani ataimba juu yetu?

Sasa udhaifu wa upande wetu. Misa ya kwanza haifai kusifiwa kama ilivyo. Sauti inashuka: tunaanza mahali pamoja na tunamaliza toni nzima chini, tumechoka. Mwendo unaburutwa. Nyimbo ni zile zile tano kwa miaka, na tatu kati yake hazihusiani na masomo ya siku. Mama anayeanzisha, tunamheshimu sana, lakini akisafiri misa inakuwa bubu. Kama tutaondoa piano halafu tukae mikono mitupu, tutakuwa wavivu waliopata jina zuri la uvivu wao. Kuimba bila chombo kunadai kazi zaidi: waanzishaji watatu ao wanne waliofundishwa, diapazoni mfukoni, dakika kumi mbele ya misa za kujifunza kiitikio cha siku, na padri anayekubali kufanya mazoezi kama wengine.

Na vijana? "Mkizima mabafle watakimbilia makanisa ya uamsho." Wengine watakimbia, sitadanganya. Lakini kwenye mashindano ya mabafle tulikwisha kushindwa zamani. Kule wanayo makubwa zaidi, na wanayawasha siku saba. Tena korale kwa kijana wa mtaa si muziki tu. Ni mahali ambapo mtu asiye na kazi anaitwa kwa jina, anangojewa, anapewa sauti yake. Ndiyo maana siombi hata kidogo kwamba ivunjwe. Ninaomba ibadilishiwe kazi Jumapili za kawaida: waketi kati ya watu, sio mbele yao, waongoze zaburi kwa zamu, sauti zao nne ziwe chini ya sauti ya kanisa, kama mbao zinazobeba bati. Na Noeli, Pasaka, sikukuu ya parokia, waachieni nafasi yote, na ngoma, na kucheza. Tutawasikiliza vizuri zaidi sababu tutakuwa na njaa ya kuwasikia.

Kuhusu mchango wa jumuiya, pendekezo langu kwa halmashauri ni fupi: tujaribu kwanza msimu mmoja, kutoka Jumatano ya Majivu hadi Pentekoste, kwa misa zote mbili. Tutengeneze piano ya zamani kwa ajili ya sikukuu. Sehemu ya pesa ilipe mtu wa kufundisha waanzishaji. Halafu mjumbe mmoja akae kiti cha mwisho kila Jumapili, asikilize kama watu wanaimba, alete habari.

Ninyi mlio Likasi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu, na ninyi mlio katika makanisa mengine yasiyo ya Kikatoliki, andikeni chini hapa namna mnavyoimba kwenu na kilichowashinda. Maestro wetu pia anasoma ukurasa huu. Kaka, ninangoja jibu lako, na usinihurumie.

Tuko pamoja.